Bakajani kwenye miti ya maua: lisome jani kabla ya kununua dawa

Kila masika yakishika kasi, watu huniletea majani. Huyaleta ndani ya gazeti, ndani ya bahasha, wengine kwenye kiganja tu, na karibu wote wana swali moja: nipulizie dawa gani? Nimetunza bustani za watu kwa miaka mingi, kwanza Moshi na sasa Dar es Salaam, na jibu langu la kwanza halibadiliki. Bado. Tulitazame jani kwanza. Nimeona miwaridi mizuri iking'olewa kwa sababu ya utitiri, vidudu vidogo mno vya majani, ambao ungeondoka kwa maji. Nimeona uzio mzima ukipigwa dawa ya ukungu wiki sita mfululizo, kumbe tatizo lilikuwa mabaki ya saruji ambayo mafundi waliyafukia kwenye mizizi. Fedha zimekwenda, sumu imemwagika, na mti bado unaumwa. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nayaandika haya.

Neno bakajani wanalijua sana wakulima wa nyanya na viazi. Kwenye miti ya maua linabeba magonjwa mengi yenye mwenendo mmoja: jani linatoka madoa, madoa yanapanuka na kuungana, kisha sehemu kubwa ya jani inakauka au kuoza kwa muda mfupi, mara nyingine pamoja na kijiti chake. Wanaoyaleta magonjwa hayo ni wa aina tatu. Wengi ni kuvu, yaani ukungu. Wapo viumbe wapendao maji wanaofanana na kuvu lakini si kuvu, jamaa ya ubwiri vinyoya, ule unaoota nyoya za kijivu mgongoni mwa jani. Na wapo bakteria. Dawa inayomuua mmoja inaweza isimguse mwingine hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Anza kwa macho, mikono iwe mitupu

Simama hatua chache kutoka kwenye mti uutazame wote kabla hujashika jani lolote. Ugonjwa wa kuambukiza una mahali ulipoanzia. Mti mmoja umeshikwa sana, wa pili kidogo, wa tatu bado mzima. Matawi ya chini yameharibika, ya juu yana doa moja moja. Tena magonjwa mengi huchagua ukoo: ukungu wa madoa meusi ya mwaridi hauna haja na krotoni iliyopandwa pembeni yake. Kwa hiyo ukikuta mwaridi, krotoni, haibiskasi na hata nyasi zimeungua siku zilezile, upande uleule, usitafute ukungu. Kuna kitu kimeipata mimea yote kwa pamoja: upepo wa chumvi, mbolea iliyozidi, dawa ya magugu iliyopeperushwa, au jua kali lililochomoza ghafla baada ya wiki ya mawingu.

Uliza pia ni majani gani yaliyoanza. Ugonjwa unaoruka na matone kutoka ardhini huanza na majani makuukuu ya chini. Ubwiri vinyoya wa mwaridi hupenda majani machanga ya juu. Upungufu wa chuma nao huonekana kwenye majani mapya. Swali hili moja hukata nusu ya mashaka.

Halafu lichukue jani ulinyanyue mbele ya mwanga. Doa la ukungu mara nyingi lina tabaka: katikati pamekauka, pembeni pana mzingo wa rangi iliyokolea, na nje yake ukanda wa njano. Doa changa la bakteria huonekana kama limelowa mafuta, na mara nyingi lina pembe kwa sababu linasimama linapofika kwenye mshipa wa jani. Ungua la jua halina tabaka hizo. Ni kiraka kimoja kilichopauka, tena kwenye uso wa jani uliokuwa unatazama jua.

Sasa ligeuze. Nasisitiza hili kuliko yote, kwa sababu watu wengi huja na dawa mkononi na hawajawahi kutazama mgongo wa jani. Huko ndiko wanakokaa utitiri, inzi weupe na vidung'ata, na ndiko ubwiri vinyoya unakotoa nyoya zake za kijivu.

Ukibaki na mashaka, jaribio la nyumbani linasaidia. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, tandika karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa, weka majani mawili matatu yenye madoa mabichi, funika, kiweke kivulini kwa siku mbili hadi tatu. Kama ni ukungu, mara nyingi utaona nyuzi, vumbi au vidoti vikichomoza kutoka kwenye doa lenyewe. Usitumie jani lililokufa lote, maana hilo litaota ukungu wa kawaida wa uozo na utadanganyika. Kisipoota kitu si ushahidi wa mwisho, lakini ni sababu nzuri ya kuuahirisha mkono unaotaka kushika bomba.

Dalili: madoa meusi kwenye mwaridi, jani linakuwa la njano na kudondoka

Huu ndio ugonjwa ninaoulizwa zaidi, na ndio unaowavunja moyo wapenda maua wa nyanda za juu, kuanzia Lushoto mpaka Limuru. Msababishaji ni kuvu anayeitwa na wataalamu Diplocarpon rosae, naye anaishi kwenye mwaridi tu. Doa lake ni jeusi, upande wa juu wa jani, na kingo zake hazijanyooka; zimechanika kama nyoya, kana kwamba wino umedondokea kwenye karatasi inayofyonza. Ukiwa na lenzi utaona vidoti vidogo vyeusi ndani ya doa. Jani linaanza kuwa la njano kuzunguka doa, kisha lote, kisha linaanguka. Ukiuachia, mti unabaki na fimbo tupu na kishada cha majani kileleni, na mwaka unaofuata maua yanakuwa machache na madogo.

Kuvu huyu hawezi kuingia kwenye jani kavu. Anahitaji jani lililowa mfululizo kwa takriban saa 7, na ndiyo maana saa ya kumwagilia ina uzito kuliko chupa yoyote dukani. Nilipokuwa Moshi nilikuwa na jirani, mama mtu mzima, aliyemwagilia miwaridi yake kila siku saa kumi na mbili jioni, akiirushia maji kwa mpira kutoka juu. Nilipita asubuhi moja nikamwamkia, naye akanionyesha bustani yake iliyojaa majani ya njano chini. "Marahaba mwanangu. Nimeshapulizia mara tatu, na bado yananikimbia." Hesabu yake ilikuwa wazi. Jani lililolowa saa kumi na mbili jioni linalala na maji hadi jua la asubuhi, na kwenye baridi ya Moshi huo ni muda wa kutosha kabisa kwa ukungu. Dawa yake haikuwa na ubaya. Ilikuwa inapigana na mpira wa maji.

Tulibadili mambo matatu tu. Alianza kumwagilia saa moja asubuhi, maji yakienda shinani. Aliokota majani yote yaliyoanguka, maana ukungu huendelea kuishi humo na kurukia majani mapya kwa matone ya mvua, na aliyachimbia shimo mbali na maua. Kisha tukatandaza nyasi kavu chini ya miti ili matone yasirushe udongo. Majani yaliyokwisha kupata madoa hayakupona, na hayaponi kamwe. Lakini baada ya miezi miwili hivi machipukizi mapya yalikuwa safi, na dawa ilihitajika mara chache tu za kuyalinda.

Usiuchanganye ugonjwa huu na ubwiri vinyoya. Ubwiri vinyoya huja wakati wa baridi na unyevu mwingi, huanzia juu kwenye majani machanga, na madoa yake ni ya zambarau au kahawia nyekundu, yenye pembe kwa kufuata mishipa. Dalili inayonipa hakika ni hii: ukiutikisa mti kidogo, majani yanapukutika, mengine bado mabichi. Unakwenda kasi ya kutisha. Mti ulioonekana mzima mwanzo wa juma unaweza kuwa uchi mwisho wa juma. Salfa, ambayo ni rafiki wa watu wengi wa miwaridi, haisaidii hapa.

Salfa ni ya ubwiri unga, ule unaoonekana kama umenyunyiziwa unga wa muhogo, majani machanga yakijikunja. Ubwiri unga una tabia tofauti na ndugu zake: haupendi jani lililoloa maji. Hustawi mchana ukiwa mkavu na usiku ukiwa na unyevu wa hewa. Kwa hiyo mtu akiniambia "mvua zimekata na unga umeongezeka," namwelewa. Salfa nayo usiipulizie joto likipita nyuzi 30 na kidogo, wala karibu na siku ulizopulizia mafuta ya mimea; pisha kama wiki mbili, la sivyo utayaunguza majani wewe mwenyewe, kisha uje kuyaita bakajani.

Kama kilichooza ni ua lenyewe, tumba limekuwa kahawia na kufunikwa vumbi la kijivu, huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis. Huanza kwenye maua yaliyochoka. Yakate mapema, siku ya ukavu, usiyaache yaangukie majani.

Dalili: majani ya ndani ya uzio yamekuwa kama yamechemshwa, yameshikana

Huu ni ugonjwa wa Pwani na wa miti iliyobanana, nami nauogopa kuliko madoa meusi kwa sababu unajificha. Uzio uliokatwa vizuri kama ukuta, au kichaka cha gadenia kilichonona, kwa nje unaonekana kijani kitupu. Ukiyatenganisha matawi kwa mikono unakuta ndani majani yamekuwa kahawia iliyokolea, mepesi, yamegandamana mawili mawili. Ukivuta moja, lingine linalifuata, na mengine yamekatika kwenye kikonyo lakini hayajaanguka. Yananing'inia kwa nyuzi nyembamba kama za buibui.

Tazama hizo nyuzi vizuri kabla ya kumlaumu buibui. Ni mwili wa kuvu aitwaye Rhizoctonia solani. Kwa kawaida hasambai kwa vumbi linalopeperuka kama kuvu wengine. Hutambaa kwa nyuzi kutoka jani hadi jani, na hukaa udongoni na kwenye majani yaliyooza. Joto la nyuzi 25 hadi 32 pamoja na unyevu usiotoka humpendeza sana, na hiyo ndiyo hali ya Dar, Tanga na Mombasa mwezi Aprili. Huyu hachagui ukoo kama yule wa mwaridi, kwa hiyo akiwa kwenye uzio wako anaweza kuhamia haibiskasi iliyo karibu.

Kosa linalomkaribisha ni lilelile ambalo wengi tunaliona kuwa ni usafi: kukata uzio juu juu kila mwezi kwa mkasi mkubwa. Kila ukikata ncha, chipukizi zinaongezeka mbili, na baada ya miaka miwili uzio una ganda la majani nje na giza ndani, hewa haipiti. Mabaki ya kukata yananasa humo ndani na kuoza. Dawa unayopulizia kutoka nje inalowesha ganda tu.

Kwa hiyo tiba inaanza na mkasi wa mkono. Siku ya ukavu, ondoa matawi mazima kutoka ndani, moja katika kila matawi manne au matano, mpaka ukisimama upande mmoja uone vijidirisha vya mwanga upande wa pili. Kung'uta majani yaliyonaswa, zoa chini, ondoa yote. Inua matawi yanayogusa udongo. Ndipo, kama bado mvua zinaendelea, upulizie dawa, nayo ipenye ndani. Kopa, yaani dawa ya madini ya shaba, ni dhaifu kwa kuvu huyu. Dawa zenye azoksistrobini humshika vizuri zaidi.

Neno la tahadhari kwa wenye oleanda: mti wote ni sumu. Vaa glovu unapoupogoa, na mabaki yake usiyachome, maana hata moshi wake unadhuru. Yafukie mahali mifugo haifiki.

Dalili: madoa ya rangi ya damu ya mzee kwenye bogenvilia

Bogenvilia ni mti wa jua na ukavu, na ugonjwa wake mkuu huja anapomwagiliwa kama mchicha. Madoa huanza madogo, kahawia nyekundu, yanaonekana pande zote mbili za jani. Yakikua, katikati panakuwa na rangi ya udongo na kingo zinabaki zambarau. Majani machanga yanajikunja na kukunjamana kwa sababu sehemu iliyokufa haikui pamoja na sehemu nzima. Msababishaji wa kawaida ni bakteria. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza pakiti nzima ya dawa ya ukungu bila kuona badiliko. Acha kurusha maji juu ya majani, kata matawi yaliyoshikwa sana, ondoa yaliyoanguka, na ukitaka kinga tumia dawa yenye kopa. Jua likirudi, bogenvilia hujisafisha wenyewe kwa majani mapya kwa namna inayofurahisha.

Na usiguse mti wenye bakteria ukiwa umelowa. Mikono yako na mkasi ndivyo vyombo vya usafiri. Futa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohama mti. Wengine hutumia dawa ya kufulia yenye klorini, sehemu moja kwa tisa za maji. Inafaa, ila inaozesha chuma, kwa hiyo suuza na upake mafuta.

Dalili: krotoni ina mabaka makavu yenye duara ndani ya duara

Mabaka huanzia nchani au pembezoni, rangi ya majani makavu ya mkorosho, na wakati wa unyevu huota vidoti vyenye rangi ya waridi au chungwa. Hii ni chule, ugonjwa unaojulikana pia kwa wakulima wa maembe. Huingia mahali palipokwisha kujeruhiwa au kudhoofika: jani lililoungua na jua, lililochanwa na upepo, mti uliokaa muda mrefu kwenye kifuko cha kitalu mizizi ikizunguka. Kata majani yenye mabaka, upe mti nafasi na mboji. Mara nyingi sihitaji dawa.

Zinazofanana na bakajani lakini si bakajani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa makadirio yangu majani mengi ninayoletewa yanatoka kwenye kundi hili.

Iksora iliyopandwa kando ya ukuta au kibaraza ndiyo bingwa. Majani mapya yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Hakuna ugonjwa hapo. Iksora hupenda udongo wenye uchachu, na saruji, chokaa na udongo wa matumbawe wa Pwani vyote huondoa uchachu huo. Chuma kimo ardhini lakini mzizi haukipati. Kopa na mankozebu, dawa nyingine ya ukungu, havitafanya lolote. Weka mboji kwa wingi, pulizia chuma cha kuyeyuka kilichotengenezwa kwa ajili ya majani, na kama bado hujapanda, panda mbali na ukuta. Iksora hiyohiyo ikiwa na madoa ya kahawia yenye uzambarau kwenye majani makuukuu peke yake, mashaka yangu ya kwanza ni upungufu wa potasi na fosforasi. Madoa hayo hayasambai kutoka mti hadi mti kama ugonjwa, na hayana ukanda wa njano.

Kingo za majani zikiungua kuzunguka jani lote, fikiria maji na chumvi. Mbolea ya dukani iliyomwagwa kwenye udongo mkavu huunguza kingo ndani ya siku chache. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya vivyo hivyo polepole. Kwa walio karibu na bahari, simameni mtazame ni upande gani ulioungua. Kusi likivuma, upande unaotazama bahari ndio unaoumia, na upande wa nyuma unabaki mzima. Ukungu haujui bahari iko wapi. Suuza majani kwa maji yasiyo na chumvi asubuhi baada ya siku za upepo mkali, na mbele panda mimea inayostahimili.

Jani likiwa na vidoti vingi vyeupe au vya njano kama limechomwa ncha ya sindano, likipoteza mng'ao na kuwa la shaba, huyo ni utitiri. Huja wakati wa kiangazi na vumbi, kinyume kabisa cha bakajani inayokuja na mvua. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge. Vijidoti vikianza kutembea, umepata jibu. Rusha maji kwa nguvu mgongoni mwa majani asubuhi kwa siku kadhaa. Dawa nyingi za kuulia wadudu huwaua maadui wa utitiri na kuuacha wenyewe ukizaliana kuliko mwanzo.

Masizi meusi yanayofutika kwa kidole si bakajani. Ni ukungu unaoota juu ya utamu uliomwagwa na vidukari, vidung'ata au inzi weupe. Shughulikia wadudu, masizi yatakauka yenyewe. Sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ni ishara ya tatizo hili, kwa kuwa wanaufuata utamu huo na huwalinda wanaoutoa.

Majani mapya yakija membamba kama utepe, au yamejisokota, hebu muulize anayefyeka barabara au jirani kama alipulizia dawa ya magugu wiki chache zilizopita. Kwa haibiskasi, jani moja moja la njano la chini kuanguka ni uzee tu.

Na wenye uzio wa saipresi, hasa nyanda za juu za Kenya na Kaskazini ya Tanzania: ukikauka kwa viraka kuanzia ndani na chini, tafuta kwanza kidukari cha saipresi. Mdudu huyu alionekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, na alikausha nyua na mashamba ya miti kwa kiasi ambacho watu wazima wa huko bado wanakikumbuka. Pasua matawi, tazama vijiti vya ndani: wapo kwa makundi, rangi ya kahawia, na majani yana unato na masizi. Dawa ya ukungu hapa haifanyi lolote.

"Nimepulizia na bado"

Kama umehakikisha ni ukungu, dawa imepulizwa, na madoa yanaongezeka, pitia haya kabla ya kubadili chupa.

Kwanza, unatazama majani gani? Dawa hizi nyingi, mankozebu na kopa zikiwemo, ni ngao. Zinakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Doa lililopo litabaki doa, na jani lililoambukizwa siku mbili kabla ya dawa litatoka doa baada ya juma moja. Funga uzi kwenye machipukizi yaliyotoka baada ya kupulizia, uyahukumu hayo.

Pili, je, migongo ya majani ililowa? Bomba la mgongoni la lita 16 mkononi mwa mtu mwenye haraka hulowesha uso tu. Elekeza mdomo wa bomba juu, kutoka chini kwenda juu.

Tatu, mvua. Ngao iliyooshwa na mvua kubwa haipo tena. Na kama umwagiliaji wa kutoka juu unaendelea, umeiosha mwenyewe.

Nne, umekuwa ukitumia dawa moja ya kupenya ndani ya mmea tangu mwaka jana? Kuvu huzoea. Zungusha dawa za makundi tofauti. Kubadili jina la biashara peke yake hakutoshi, kwa maana chupa mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na kitu kilekile. Soma jina dogo la kiambato lililo chini ya jina kubwa.

Nunua dawa iliyosajiliwa tu: Tanzania usajili uko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Kenya chini ya PCPB, bodi ya viuatilifu, na namba ya usajili iko kwenye lebo. Iliyomiminwa kwenye chupa ya soda usiiguse, hata muuzaji awe ndugu yako. Fuata kipimo cha lebo. Kuongeza mkono hakuongezi tiba, huunguza jani. Vaa glovu, barakoa na mikono mirefu, pulizia asubuhi upepo ukiwa umetulia, na watoto wawe mbali. Mankozebu yenyewe, iliyo kila duka la pembejeo, Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwaka 2020 kwa sababu za afya. Wengi huipulizia kwa mikono mitupu na kandambili. Naomba tusifanye hivyo kwa ajili ya ua.

Lini kuung'oa

Mwaridi ambao madoa meusi yameshaingia kwenye fimbo zenyewe unaweza kukatwa chini, ukachipua upya. Ukikatika majani misimu mitatu mfululizo ingawa umebadili maji, usafi na nafasi, aina hiyo haikuwekewa hali ya hewa yako. Ing'oe, na usipande mwaridi mwingine wa aina ileile shimoni humo. Kwa uzio wenye Rhizoctonia, nang'oa tu mti ambao fimbo zake ukizikwangua kwa kucha hadi shinani hazina ukijani. Kwangua kidogo, sehemu tatu, kuanzia juu kushuka. Ukikuta kijani hata karibu na udongo, kata hapo juu yake, mwagilia shinani asubuhi, na mpe mti huo wiki sita.